Simu ni Zetu, Lugha ni ya Nani?

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini jioni moja ya mvua, ndani ya matatu iliyokwama katika Barabara ya Thika karibu na Pangani, nilimwona mama mwenye macho mazima akilazimika kuambiwa kile alichokuwa akikitazama. Mkononi alishika simu aliyoinunua kwa jasho lake, na katika simu hiyo mlikuwa na ujumbe ulioandikiwa yeye na si mtu mwingine yeyote. Hata hivyo hakuweza kuusoma.

Wasafiri wa njia ile wanaijua vyema hali ninayoieleza. Mvua ikinyesha Nairobi, magari husimama kana kwamba yamepigwa marufuku. Barabara yenyewe ilipanuliwa kwa gharama kubwa na kufunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012, nasi tukadhani tumeagana na msongamano. Haikuwa hivyo. Tulikuwa tumekaa pale takriban nusu saa. Abiria wote, nami nikiwa mmoja wao, tulikuwa tumeinamia simu zetu, kila mmoja amejifungia katika chumba chake cha mwangaza. Mimi nilikuwa na bunda la karatasi za mitihani mapajani, na nadhani ni bunda hilo lililonisaliti.

"Mwanangu," mama akaniambia kwa sauti ya chini, "wewe unaonekana mtu wa vitabu. Hebu nisomee hapa."

Alikuwa mama wa makamo anayeuza mitumba Gikomba na kuishi Githurai. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, na ulitoka kwa kampuni ya kukopesha watu kwa njia ya simu, ambayo sina haja ya kuitaja. Miezi michache awali alikuwa amekopa shilingi 3,000 ili aongeze bidhaa. Mwezi ulipokwisha akalipa shilingi 3,000, akashukuru Mungu, akasahau. Kumbe palikuwa na ada ya shilingi 300 juu ya mkopo, na kwa kuwa ada hiyo haikulipwa, ilikuwa imeendelea kuongezwa ada nyingine hadi ikafika shilingi 780. Ujumbe ulimwonya kwamba asipolipa kabla ya siku fulani, jina lake lingepelekwa kwa wale wanaoweka kumbukumbu za wadaiwa sugu.

"Lakini mimi nililipa," alisema. "Walichonipa ndicho nilichorudisha."

Nikamuuliza kama aliyasoma masharti kabla ya kukopa. Swali hilo lilinitoka kama linavyomtoka mwalimu yeyote, na mara tu nilipolitamka niliona haya. Akanitazama kwa upole, akajibu, "Mwanangu, palikuwa na maandishi mengi, halafu wakasema bonyeza moja. Nikabonyeza moja."

Hapo ndipo nilipojaribu kumweleza. Naam, msomaji mpenzi, mimi ninayekula mshahara kwa kufundisha isimu, niliyeandika tasnifu nzima juu ya lugha, nilianza kutafuta maneno. Nikasema jambo kuhusu ada ya huduma isiyolipwa inayohuishwa kila kipindi cha marejesho. Mama akatikisa kichwa kwa heshima, kama watu wanavyomwitikia mhubiri wasiyemwelewa. Utingo, aliyekuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, akaingilia kati.

"Mathe," akasema, "ulirudisha mkopo, lakini mkopo ulikuwa na mkia. Mkia hukuulipa. Sasa mkia umezaa."

Mama akaelewa papo hapo. "Kumbe ni riba!" akasema. "Mbona hawakusema riba?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mbona hawakusema riba? Neno hilo analijua. Amelisikia kanisani, amelisikia kwa majirani zake Waislamu, na hulitumia katika chama chao cha akina mama, ambamo wanakopeshana kila wiki na kuandika hesabu katika daftari la kurasa 48. Dhamana analijua. Faini analijua. Mdhamini amewahi kuwa. Hakuna dhana hata moja katika ujumbe ule ambayo haina neno la Kiswahili lililozoeleka sokoni. Kilichokosekana ni mtu wa kumwona mama huyu kuwa msomaji anayestahili kuandikiwa.

Sidai kwamba kampuni ile ilivunja sheria. Huenda kila sharti lilikuwamo katika maandishi yale marefu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 ziliwataka wanaokopesha kwa simu wawe na leseni, na zikawakataza kuwadai watu kwa vitisho na matusi. Hilo ni jema, kwa sababu kabla ya hapo wadaiwa walikuwa wakiaibishwa hadi mbele ya jamaa zao. Lakini lugha inaweza kumdhuru mtu bila ya tusi hata moja ndani yake. Inatosha tu iwe lugha asiyoielewa, kisha aombwe abonyeze moja.

Mazungumzo hayo madogo yaliamsha matatu nzima. Simu zilishuka moja baada ya nyingine. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama ni kweli mtu anaweza kunyimwa mkopo wa benki kwa sababu ya shilingi 780. Kijana mwenye begi la shule akasema hana hakika. Utingo akapata jukwaa, na kwa muda wa saa nzima tuliyoketi pale nilipata somo ambalo sijawahi kulipata katika kongamano lolote.

Utingo huyo alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Alianza na nauli. Alitukumbusha jinsi serikali ilivyoagiza kwamba kuanzia Julai 1, 2014 nauli zilipwe kwa kadi badala ya pesa taslimu. Kadi zikatolewa, mitambo ikanunuliwa, matangazo yakabandikwa. Agizo hilo halikushika. Wataalamu walilieleza kwa sababu nyingi, baadhi yao wakisema watu wetu wanaogopa mambo mapya. Utingo alicheka. "Mdosi," akaniambia, "mwenye gari anataka hesabu jioni. Petroli inataka pesa sasa hivi. Dereva anataka chakula saa saba. Wale wa barabarani nao unawajua. Kadi ingemlipa nani kati ya hao?" Kisha akatuonyesha nambari iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi juu ya mlango, ambayo abiria wengi siku hizi humtumia nauli kwa simu. "Hii haikuletwa kwa amri," akasema. "Ilikuja yenyewe kwa sababu inafanya kazi."

Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, na haikumlazimisha mtu yeyote. Ilimkuta mfanyakazi wa mjini akitaka kumtumia mamake pesa kijijini, ikamtumikia. Janga la korona lilipoingia mwaka wa 2020, na ada za kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 zikaondolewa hadi mwisho wa mwaka huo, wengi walizoea kulipia hata vitu vidogo kwa simu. Mwananchi wa kawaida, kinyume na anavyosingiziwa, haiogopi teknolojia. Huipima kwa swali moja tu: inamfaa nani?

Mzee wa nyuma naye alikuwa na lake kuhusu barabara. Alisema kwamba alipokuwa kijana alipanda mabasi ya shirika lililohudumia Nairobi tangu mwaka wa 1934, na kila basi lilikuwa na saa yake. Sasa, akasema, tumejengewa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, na anayetaka kuitumia hulipia. "Mimi hupita chini yake," akasema. "Mvua ikinyesha, hunikinga kidogo." Sote tulicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na chumvi. Mzee yule hakukataa barabara kujengwa. Alichokuwa akituambia ni kwamba alipokuwa akipangiwa maendeleo, hakuna aliyemuuliza yeye husafiri vipi.

Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufika kwenye siasa. Kijana wa begi, mwanafunzi wa chuo, alizungumzia Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024. Alikumbuka jinsi mswada huo ulivyopendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na kuongeza ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 15 hadi 20. Mambo hayo yalimgusa kila aliyekuwa ndani ya matatu ile: mla mkate, mwenye gari anayepandisha nauli, na mama anayetumiwa pesa na wanawe. Lakini mswada wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Basi vijana wakaketi na simu zao, wakauchambua kifungu baada ya kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama zao, wakasambaza. Tunakumbuka sote yaliyofuata mwezi wa Juni mwaka huo. Tarehe 25 bunge lilivamiwa na damu ya vijana ikamwagika barabarani, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hangeutia mswada huo sahihi.

Hapa sitaki kuingia katika mjadala wa nani alikosea, kwa kuwa maisha yaliyopotea hayarudishwi na makala. Nataka kulitaja jambo moja tu linalotuhusu sisi watu wa lugha. Kazi ya kuufasiri mswada ule ilifanywa na vijana wasioajiriwa, usiku, bila ya malipo. Idara za lugha katika vyuo vikuu vyetu, ikiwamo ninayofundisha, hazikuongoza kazi hiyo. Tulikuwa wapi?

Nitajibu kwa niaba yangu mwenyewe. Niliwahi kuketi katika kikao cha wataalamu kilichoitwa kujadili istilahi za teknolojia. Asubuhi nzima tulibishana juu ya chombo hiki kinachoitwa simu ya mkononi, kwamba kiitwe rununu au simu tamba. Baada ya chakula cha mchana tukabishana juu ya tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Kila mmoja wetu alikuwa na hoja zenye mashiko, na wengine walizitoa kwa ghadhabu. Jioni tulipanda magari tukaenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza mama wa Gikomba angepata faida gani. Wala hakuna aliyependekeza tuchukue masharti ya mkopo mmoja tu tuyaandike upya kwa Kiswahili anachokielewa.

Sisemi kwamba kuunda istilahi ni kazi bure. Lugha isiyoongeza maneno hudumaa. Lakini tunasahau kwamba mwananchi wa kawaida ni muundaji wa maneno kuliko sisi. Nani aliunda neno matatu? Si kamati. Wengi wanakubaliana kwamba lilitokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, na watu walikuwa wakilitumia tayari Mzee Kenyatta alipoyaruhusu magari hayo kuhudumu kwa uhuru mwaka wa 1973. Nani aliita mitaa Githurai 44 na Githurai 45? Ni abiria, kwa nambari za mabasi yaliyowafikisha huko. Na leo, mtu akikuambia "nitumie na ya kutoa", amekueleza kwa maneno manne taratibu nzima ya ada za kutoa pesa kwa wakala. Mwanaisimu angehitaji aya.

Hata wafanyabiashara wameligundua hilo. Tazama jina M-Pesa: herufi ya kwanza ni ya Kiingereza, na lililobaki ni letu. Tazama neno fuliza, kitenzi cha Kiswahili sanifu chenye maana ya kufanya jambo mfululizo bila ya kusita, ambacho wengi walikuwa hawakijui hadi kilipofanywa jina la huduma ya kukopa kwa simu mwaka wa 2019. Sasa hata mtoto wa darasa la sita husema mamake "amefuliza". Maana imegeuka, na neno limefufuka. Basi Kiswahili kinatosha kuwa jina la bidhaa. Kinatosha kuimbwa katika tangazo. Mbona kisitoshe kuandikiwa masharti, mahali ambapo haki ya mtu hupatikana au hupotea?

Kuna watakaonijibu kwamba baadhi ya huduma hizi zina orodha ya Kiswahili ndani ya simu, na watu hawaichagui. Ni kweli, na tusilifiche. Mimi mwenyewe, mpenzi msomaji, nilipofika nyumbani usiku ule nilitazama simu yangu. Ilikuwa ya Kiingereza, tangu siku niliyoinunua. Nilipoibadilisha, mwanangu wa kidato cha pili alinicheka, akasema kwamba nimeifanya iwe kama karatasi ya mtihani. Alisema kweli. Kiswahili tunachowapa watoto wetu ni cha mtihani. Wanakijua katika insha na ngeli, lakini hawajawahi kukiona kikilipa bili, kikisoma risiti wala kikidai haki. Si ajabu kwamba wanapokutana nacho kazini wanakiona kigeni.

Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010 inasema wazi, katika kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Ukiviweka vifungu hivyo viwili kando kwa kando, huhitaji wakili kukuambia kwamba habari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mtu ni kama haikutolewa. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wazee wetu, lakini hawakusema kwamba anaweza kutozwa faini kwa kutoijua.

Almuradi nisiwe mtu wa kulalamika tu, nina mapendekezo matatu. La kwanza ni kwa wanaotoa huduma kwa simu na wanaowasimamia: mkopo wowote usikubaliwe kwa kubonyeza moja kabla ya mkopaji kuonyeshwa, kwa Kiswahili chepesi na katika mistari mitano, kiasi anachopewa, kiasi atakachorudisha, siku ya mwisho, na kitakachompata akichelewa. Hayo si mengi. Utingo aliyasema kwa sentensi tatu, akiwa amening'inia mlangoni.

La pili ni kwa Bunge. Kiswahili kiliruhusiwa kuzungumzwa bungeni tangu mwaka wa 1974, lakini miswada inayomgusa mwananchi inaendelea kumfikia kwa Kiingereza. Anapoitwa atoe maoni juu ya mswada, apewe walau muhtasari kwa lugha rasmi anayoielewa. Tusiwaachie vijana kazi hiyo, kisha tuwalaumu wakiifanya kwa hasira.

La tatu, ambalo ndilo la dharura zaidi kwa wasomaji wa ukurasa huu, ni kwa walimu na wanafunzi. Mwalimu mwenzangu, wiki ijayo acha kidogo insha ya "Siku Nitakayoisahau". Waambie wanafunzi wako waje na ujumbe mmoja uliotumwa kwa simu nyumbani kwao: wa mkopo, wa bima, wa stima au wa hospitali. Wauandike upya kwa Kiswahili ambacho nyanya zao wataelewa, kisha wakawasomee nyanya hao na kurudi na ripoti ya kama walielewa. Zoezi hilo lina tafsiri, lina sajili, lina ufahamu, na zaidi ya yote lina mtahini asiyeweza kudanganywa. Nawe mwanafunzi, usingoje mwalimu. Ukiona mzazi wako anabonyeza moja, muulize kwanza anajua amekubali nini.

Mimi nimeanza na darasa langu. Muhula huu wanafunzi wa mwaka wa tatu hawataniandikia tasnifu fupi juu ya nadharia za uundaji istilahi. Wataniletea masharti ya mkopo mmoja yaliyoandikwa kwa Kiswahili, na alama nusu zitatolewa na mtu wa sokoni.

Jioni ile magari yalisogea hatimaye. Tulipofika Githurai mvua ilikuwa imeanuka. Mama alijikusanya, akafunga leso, akaishika simu yake kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Alimuuliza utingo, si mimi, atumie nambari gani kulipa zile shilingi 780 ili jina lake lisipelekwe. Utingo alimshukia, akasimama naye kando ya barabara, akamwonyesha hatua kwa hatua, huku dereva akipiga honi na abiria wakinung'unika. Nilibaki dirishani na bunda langu la mitihani, nikimtazama mwalimu akifanya kazi.